Kimeo cha Nafiu

Asubuhi ile, jamaa zangu, ua wa Bibi Delu ulikuwa shwari. Wanawake walitwanga uwele, kuku walidonoa makapi, na mjukuu wake Nafiu, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, alikaa mkekani bila kulia.

“Mpole kama huyu hujapata kumwona,” Bibi Delu alijisifia.

Tsahara, mama wa mtoto, alikuwa ameubonyeza mguu wa mwanawe, na shimo la kidole lilikataa kujaa.

“Mama, huku kuvimba si kunenepa. Hata uji anaukataa. Nimpe yai?”

“Yai! Unataka kunilelea mwizi? Mla mayai utotoni huiba ukubwani. Mayai ni ya sokoni. Huyo kimeo chake cha kooni ni kirefu, ndiyo maana hamezi. Aitwe kinyozi Sanda akikate.”

Msijifanye hamjui, ni mambo yetu haya. Sanda alikuja na kisu chake kilichopinda, akakata, akapewa uwele wake, akaenda zake. Kulipopambazuka, Nafiu alikuwa wa baridi, midomo myeupe. Tsahara alimfunga mgongoni akakimbilia zahanati, mkwewe nyuma yake akihema.

“Ole wako utaje kisu! Ukisema, kwangu hurudi.”

Nesi Barira alimtoboa mtoto kidole. Tone lilitoka jepesi kama maji mekundu ya maua ya choya. Alisoma kipimo, akapima tena.

“Sukari imeshuka, na damu karibu haipo. Njaa hula damu polepole, dada. Hii imeondoka ghafla. Ametokwa damu wapi?”

“Hajatokwa popote,” Bibi Delu alidakia.

“Namuuliza mama mtu.”

Tsahara alitazama chini. “Hajatokwa.”

Nesi alimpaka mtoto sukari chini ya ulimi, kisha akachukua mrija wa maziwa, ule unaopita puani na kushuka kooni hadi tumboni. Tsahara aliuona ukimkaribia mwanawe. Alipaza sauti.

“Usipitishe! Jana wamemkata kimeo!”

Mkono wa nesi uliganda.

“Ningekitonesha kidonda, angenifia hapa hapa.”

Alimulika kooni. Damu ilikuwa bado ikichuruzika, mtoto akiimeza kimya kimya. Alikandamiza kidonda kwa pamba hadi damu ikakata, na baba mtu akaitwa kutoka shambani kutoa damu, nayo ikapimwa ikalingana. Tone kwa tone ilimwingia Nafiu, na Tsahara akingoja kila pumzi kama anayengoja hukumu.

Kesho yake mtoto alilia. Alilia kwa hasira, akitaka chakula, na hakuna aliyemnyamazisha. Bibi Delu alifungua pindo la kanga yake, akatoa yai.

“Mchemshieni,” alisema, bila kumtazama mtu.

Funzo

Mtoto aliyedhoofika kwa njaa haombi. Ukimya wake ndio ukelele. Msiukate kwa kisu. Na anayepima damu msimfiche neno, maana kumficha ni kumfumba macho huku mwanao yumo mikononi mwake. Tangu ukame mkubwa uliotupata zamani nawakumbuka wadogo tuliowazika, koo zikiwa na vidonda na mayai yakiwa sokoni. Mlisema yai litawafanya wezi. Haya, semeni leo: nani alimwibia nani?