Mteremko wa Zahanati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alitia grisi magurudumu ya kiti cha shangazi yake. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. Shangazi alianza na karakana ya kutengeneza viti vya magurudumu, akawa mtetezi wa watu wenye ulemavu, na mwishowe akachaguliwa diwani. Ahadi yake kubwa ilikuwa njia ya mteremko kwenye zahanati, ili mgonjwa asipandishwe tena ngazi kama gunia.

Njia ilijengwa, lakini mjenzi alibana nafasi, ikawa na mwinuko mkali mno. Siku ya uzinduzi, kabla watu hawajafika, shangazi alijaribu kupanda. Kiti kikarudi nyuma.

"Hii haifai," alisema. "Ivunjwe."

"Diwani, uchaguzi uko mlangoni," alijibu mwenyekiti wa chama. "Ukisema haifai, chama kitamsimamisha mtu mwingine. Huyu binti asukume kidogo kwa nyuma. Nani atajua?"

Shangazi alinyamaza. Kisha akatandaza mtandio nyuma ya kiti, ufunike mikono ya Chiriku.

Watu walipojaa, Chiriku alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Shangazi alipanda akitabasamu, na vigelegele vikapigwa.

Fundi viatu, ambaye naye alitumia kiti, alikuwa mbishi wa kupindukia. Hakuruhusu mtu yeyote aguse kiti chake.

"Diwani kapanda, mimi nishindwe nina nini?" alisema, akaanza kupanda peke yake.

Alipofika katikati, mikono ilianza kumtetemeka. Chiriku alimtazama shangazi yake. Alijua kabisa neno moja lingemharibia kila kitu. Hata hivyo, akapiga kelele:

"Mdakeni, ataanguka! Mimi ndiye niliyemsukuma shangazi!"

Vijana wawili wakamdaka fundi viatu. Shangazi akashika kipaza sauti.

"Mtoto amesema kweli. Nimewadanganya."

Chama kikamsimamisha mtu mwingine. Mwenyekiti akaacha hata kumsalimu shangazi. Diwani mpya alisema hakuna fedha za kujenga upya, na njia ikafungwa kwa mnyororo. Siku moja Chiriku alimwona fundi viatu, mbishi yule yule, akipandishwa ngazi mgongoni mwa mtu, amefumba macho kwa aibu.

Akakimbilia karakana akilia.

"Shangazi, ningefunga mdomo ungeshinda, ukaijenga upya!"

Shangazi aliweka spana chini.

"Nami nilijidanganya hivyo hivyo, mwanangu. Lakini anayeficha kosa leo, kesho atalilinda. Sijui kama njia ile itajengwa nikiwa hai, na jambo hilo linaniuma sana. Ila fundi viatu yuko mzima. Watu walinichagua niseme wanapokaribia kuumizwa. Siku ile mimi nilinyamaza, ukasema wewe."