Kikombe cha Mzee Ansbert

Lori la kijani la Isuzu lilikata kona Buguruni, likapuuza filimbi ya trafiki.

Munira Shomari akakanyaga mafuta. Peugeot 504 yake ikanguruma.

"Simba kwa Kituo. Linaelekea Vingunguti."

"Nimekusikia, Simba," alijibu mkuu wake wa upelelezi, Mzee Ansbert, kwenye redio ya Motorola.

Papo hapo lori likageuza njia. Likapotea.

Kama juzi. Na masafa yale ya redio walikuwa nayo wao wawili tu.

Munira alisimama dukani, akawapigia polisi simu wajipange Buguruni. Kisha akaenda kwa mama yake, Yombo, akamwita Ansbert huko.

Wakubwa walituambia soko limefunguliwa. Kumbe limefunguliwa kwa taka! Plastiki chakavu za Ulaya zilishushwa kwa jina la malighafi, zikabebwa na lori lile, zikasagwa kwenye ghala la siri, unga wake ukaoshewa bondeni, juu ya visima vyetu. Mama yake Munira alichuja maji kwa kanga. Chembe za bluu zilinasa. Zilizo ndogo zaidi zilipita.

"Sijui zitafanya nini tumboni," mkemia aliyepima maji yale alimwambia Munira. "Ila mie sinywi."

Ansbert alifika akitabasamu. "Leo huniamkii, mwanangu?"

"Karibu maji kwanza, Mzee."

Miaka yote, kikombe kile cha bati cha mama Ansbert alikimaliza na kuomba kingine. Leo alikigusisha mdomoni, akakiweka chini.

"Nimeshakunywa huko."

"Tangu lini unakataa maji ya mama?"

Ansbert akatazama mlangoni.

Munira akachomoa bastola yake, Beretta. "Umenifundisha kazi. Umekula ubwabwa humu ndani. Na ulijua tunakunywa nini!"

"Munira, hii ishu ni kubwa kuliko wewe."

"Chagua. Unywe, au uliite lori."

Ansbert aliyatazama maji.

Akachukua redio yake nyingine, ya kuongea na dereva.

"Albano, rudi Buguruni. Njia nyeupe."

Wakangoja. Redio ikalipuka:

"Mzee! Polisi kila upande! Umetuuza!"

"Dereva ataonyesha ghala," Munira alisema, akimfunga pingu kwenye nondo za dirisha. "Wanakufuata na wewe."

Mama alichungulia kutoka jikoni. "Mgeni hajanywa maji?"

"Hajanywa, mama. Na wewe usinywe tena."

Munira alimwaga maji ya kikombe uani. Maji yakazama. Nukta za bluu zikabaki juu ya mchanga.

Akatupia madumu matupu kwenye buti, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaenda kutafuta maji.