Simu Iliyopiga Hodi

Simu iliyofutwa kila kitu haina la kusema, na hilo fundi alilijua kuliko anavyolijua jina lake. Ndiyo maana neno moja lilipojitokeza kwenye kompyuta yake, mchana kweupe, feni ikizunguka na redio ya jirani ikibwabwaja, alidhani macho yanamchezea.

*hodi*

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yake, maana si ile ya kubadilisha vioo. Simu iliyogoma kuwaka aliifungua, akatafuta kwenye bodi yake nukta tatu ndogo kama ufuta, akaziunga kwa nyaya tatu mpaka kwenye kompyuta. Waya mmoja ethi, yaani wa ardhi, mmoja mdomo, mmoja sikio. Mdomo wa simu uende kwenye sikio la kompyuta, na sikio la simu kwenye mdomo wa kompyuta. Hapo hata simu iliyokufa kioo huanza kuandika inachoumwa, mstari baada ya mstari. Mwenyewe aliita kazi hiyo kupiga hodi: anabonyeza kitufe, simu inaitika. Lakini mpigaji alikuwa yeye. Haikuwahi kutokea simu ikampigia yeye hodi.

Na simu yenyewe, jamani, ilikuwa ya marehemu mama yake.

Mama na binti yake, mdogo wake fundi, walikuwa hawasemezani mwaka mzima. Siku mbili kabla ya kufa, mama alijirekodi kwenye simu ile, akamwambia fundi, "Huu ujumbe ni wa mdogo wako, asikilize mwenyewe." Simu ikazima moja kwa moja kabla binti hajafika. Alipoileta kwa kaka yake aliishika kwa mikono miwili.

"Kaka, nataka kujua kitu kimoja tu. Alinisamehe au hakunisamehe?"

"Hilo dogo," kaka mtu alijibu. "Niachie."

Fundi yeyote anajua: unanakili kwanza kilichomo, ndipo unaiflashi simu, yaani unaiwekea programu mpya. Yeye siku hiyo alikuwa anabishana mambo ya mpira na rafiki yake, simu nyingine kaibana begani. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo bila kusoma. Sekunde arobaini tu, sauti ya mama ikafutika. Alikodolea macho mistari ikipita mpaka ikaisha. Na mdogo wake alipopiga kuuliza, mtu mzima na ndevu zake akasema, "Sauti ipo. Vuta subira."

Sasa ndiyo hodi hiyo. Na malezi ni malezi. Tangu utotoni hakuwahi kupigiwa hodi akanyamaza. Vidole vikaandika kabla kichwa hakijafikiri: *karibu*.

Feni ikasimama. Harufu ya risasi ya kuunganishia ikaondoka, ikaja ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akimpaka mama magotini, na chini yake harufu nyingine, ya nguo iliyofungiwa sandukuni ikiwa bado mbichi, na pale mezani, kwenye spika aliyokuwa ameitenga kando, spika isiyoungwa na waya wowote, mtu akakohoa mara mbili kama anayetengeneza koo apate kusema, kikohozi ambacho fundi alikijua tangu anabebwa mgongoni.

"Mwanangu," sauti ikasema polepole. "Niambie anachotaka kusikia."

Hapo ndipo pa kung'oa nyaya na kukimbia. Lakini fundi alifikiria macho ya mdogo wake, akaona aibu kuliko alivyoona hofu.

"Anataka kusikia amesamehewa," akanong'ona.

Jioni ile binti alisikiliza simu ikisema kwa sauti ya mama kwamba amemsamehe, akalia mpaka mtandio ukalowa, akamkumbatia kaka yake. "Mungu akupe maisha marefu, kaka." Akaondoka na simu ya mama. Fundi akajiambia mdogo wake amefurahi, kosa liko wapi? Lakini chakula kilimshinda siku ile, na ya pili, na ya tatu.

Siku ya tisa akaenda kumtazama. Saa sita mchana, mapazia yameshushwa. Mdogo wake alimfungulia mlango amekonda, midomo imekauka, na dawa ya kuchua ikanuka mpaka nje.

"Sema taratibu," alinong'ona. "Mama kalala."

"Mama yupi?"

"Hataki nitoke. Anasema huko nje hakuna anayenipenda."

Fundi alitoka pale mbio mpaka kwa mzee mmoja anayetoa majini. Mzee hakuwasha ubani wala hakufungua kitabu. Aliuliza tu, "Nani alimwambia karibu?"

"Mimi."

"Na sasa anaishi kwa nani?"

"Kwa mdogo wangu."

"Basi huyo jini atatoka mdogo wako akimwambia toka. Na hatamwambia mpaka ajue ulichofanya. Dawa unayo mdomoni mwako, usinipotezee siku."

Akarudi. Akaomba simu kwa kisingizio cha chaji, akaifungua palepale, akatoa betri, akang'oa na chipu ya kumbukumbu, akaviweka kiganjani.

"Tazama. Hii simu sasa ni ganda tupu. Sauti ya mama niliifuta mimi, mdogo wangu, siku ileile uliyoniletea. Nikakudanganya. Alichosema mama hatutakijua kamwe, na mkosaji ni mimi. Huyu si mama. Mwambie atoke, nakuomba."

Alisubiri kofi. Alisubiri matusi; angeyapokea yote. Mdogo wake hata hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa.

"Mama alishaniambia," akasema, "kwamba utakuja kusema hivyo."

Ndani ya ganda lisilo na betri, mtu akakohoa mara mbili.

"Usimchukie kaka yako," sauti ikasema, tamu, ya kubembeleza. "Amebeba mzigo mzito peke yake. Njoo, mwanangu. Na wewe, unataka kusikia nini?"

Chipu ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Loo, maskini fundi! Alijua fika ni jini, na alijua vilevile anachotaka kusikia.

Akavuta kiti, akakaa. Mdogo wake akaenda kufunga mlango.