Weka Simu, Nitakupigia

Kila siku akitoka skuli, Tabia alirudi nyumbani mtaani Malindi, kule Visiwani, akavua sare, akachukua kikapu na kwenda kupanga foleni ya mchele. Miaka ile ya mwanzo wa sabini, foleni nayo ilikuwa mwalimu. Ukitoka kidogo kwenda kunywa maji, ukirudi nafasi yako imeliwa, na hakuna wa kukuonea huruma.

Siku ile hakwenda. Mama yake, Bi Mwatum, alikuwa hospitali Dar es Salaam, anapasuliwa tumbo. Baba yake alikuwa kazini bandarini, hana ruhusa ya kutoka.

"Nenda kwa Bi Duni ukaombe simu," baba alimwambia asubuhi kabla ya kutoka. "Mjomba wako Mcha atakaa ofisini kwa daktari mpaka ifungwe alasiri. Uniletee habari za mamako."

Bi Duni alikuwa mkunga, na mtaa mzima simu ilikuwa kwake tu.

"Shikamoo, Bi Duni."

"Marahaba, mwanangu. Simu ile pale. Mie nna chungu jikoni."

Tabia alinyanyua mkono wa simu, akamtajia opereta namba ya Dar es Salaam.

"Laini za Dar zote zina watu," alisema opereta. "Weka simu, mdogo wangu. Ikipatikana nitakupigia."

"Naam," alijibu Tabia. Lakini thubutu! Aweke, apitwe? Aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili, akaubana sikioni. Hakusikia kitu ila mvumo. Saa ya ukutani ilikwenda, sikio likamuuma, machozi yakaanza kumlengalenga.

Bi Duni alitokeza na mwiko mkononi. "Unazungumza na nani muda wote huo?"

"Nnangoja zamu yangu. Nikiweka, watanipita."

"Ala! Umeuzuia mlango, kisha unalia mgeni haingii? Weka!"

Aliweka. Haukupita muda, simu ikalia. Tabia aliruka.

"Jamani nyie!" Opereta alikuwa amekasirika. "Dar ilipatikana, nkakupigieni weee, simu yenu ina mtu! Nshampa mwengine."

Tabia angeweza kusingizia simu mbovu. "Ni mimi, dada. Sikuiweka. Mama yangu kapasuliwa leo."

Sauti ikalainika. "Pole, mdogo wangu. Nitakupigia tena. Lakini weka."

Safari hii aliweka. Bi Duni akamkalisha kwenye mbuzi akune nazi. Alikuna, roho juu, jicho kwenye saa. Nazi ya pili hata haijafika nusu, simu ikalia.

"Dar es Salaam hiyo. Zungumza!"

Alikuwa mjomba Mcha, anakohoa kikohozi chake kile kile cha barazani, na kati yao bahari nzima! Tabia alisisimka mwili mzima.

"Mamako kashaamka," alisema mjomba. "Kaomba uji."

Tabia alicheka na kulia pamoja. Kisha akabaki kuikodolea macho simu ile nyeusi. "Subhanallah! Watu wote wale wanaomwomba dada yule wa simu, Bi Duni, vipi kanikumbuka mimi?"

"Anapokea ombi la huyu na la yule, hamsimamishi mtu foleni. Laini ikipatikana, anajua ya nani," alisema Bi Duni, akimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kungoja si kung'ang'ania, mwanangu. Ukishaomba, mwamini uliyemwomba, shika kazi nyengine, na jibu ulipe nafasi ya kukufikia. Na ukikosea, sema kweli kama ulivyosema leo. Haya, mbio bandarini! Babako hajui kama mkewe anataka uji."