Kilomita Mia Nne na Kumi

Foleni ya dirisha la tiketi ilifika mlangoni, feni imekufa, watu wamenuna. Mpima ardhi, shati la kaki limeloa mgongoni, aliegemeza vifaa vyake ukutani akainama dirishani.

"Dada, nipe ndege ya moja kwa moja kwenda mjini kwetu."

"Haipo, kaka."

"Haipo vipi? Ni kilomita mia nne na kumi, nimepima mwenyewe kwenye ramani. Dakika hamsini na tano!"

"Basi panda hiyo ramani." Mkata tiketi hakuinua hata macho. Gauni la zambarau, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

Mwanaume akacheka, akaomba namba ya simu. Akapewa.

Na kwa nini haipo? Miaka kumi na minne iliyopita wakubwa walikata utepe, wakapigwa picha, wakaahidi ndege hiyo kabla ya mwaka kwisha. Wao wamesahau, mimi sijasahau. Hadi leo raia anapelekwa nchi jirani, anakalia viti vya chuma saa saba nzima, kisha anarudishwa akipita juu ya paa la nyumba yake mwenyewe.

Mapenzi yakawa ya simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo mkubwa wewe!"

Mwaka ukapita hivyo. Kisha mpima ardhi akamwita mkata tiketi aje Jumamosi kwao, kwa mama yake, mambo ya ndoa yaanze. Jumamosi yenyewe, simu ikalia.

"Uko wapi? Nimemwambia mama saa sita uko mezani!"

"Niko nchi ya watu, nangoja ndege ya pili. Saa sita umeitoa wapi?"

"Umeondoka saa tano, ongeza dakika hamsini na tano..."

"Bado unapima kwa rula! Mimi ndiye ninayeuza hizo tiketi, ungeniuliza!"

"Mama amekasirika. Anasema una dharau."

"Nawe ukamjibuje?"

"Chakula kinapoa, mpenzi."

"Ulinyamaza. Haya, nageuza."

Akageuza kweli. Wiki tatu hakupokea simu yake.

Jioni moja, mkata tiketi akiwa anafunga dirisha, mpima ardhi akatokea, shati limekunjamana. Nyuma yake mama mtu mzima, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe niliyekununia? Nimetoka nyumbani alfajiri, mwanangu! Tazama miguu hii! Huyu mpumbavu aliniambia dakika hamsini na tano."

"Nisamehe," mwanaume akasema. "Nilipaswa kukutetea."

"Rudia, mama yako asikie."

"Nilipaswa kukutetea, nikaogopa. Sitarudia. Utakubali nikuoe?"

Mkata tiketi alimwangalia mwanaume mpaka jasho likamtoka. "Nakubali. Ila arusi itakuwa wapi?"

"Hapa hapa," mama akadakia, akijitupa kwenye benchi. "Mimi sirudi kabla ya arusi. Ukoo mzima uje kwa ndege hiyo hiyo, nao wakione nilichokiona."