Mkasi na Marehemu

Saa za watu kutoka kazini, kituo cha treni huwa kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Jioni hiyo vijana kadhaa walikuwa wamemzingira mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, wakimpigia makofi. "Marehemu! Marehemu! Tufie kidogo!"

Akacheka, akaweka mkoba chini, akashika kifua, akapepesuka, kisha puu! chali sakafuni. Watu wakaruka pembeni. Vijana wakapiga miluzi na picha, treni ikaingia, wakaondoka nayo.

Aliyebaki amesimama pale ni mwanamke mmoja tu. Gauni la kijani kilichokoza, raba za kitambaa, hedifoni shingoni kama mkufu.

"Mkono wa kushoto umeusahau," alisema.

"Nini?"

"Ukianguka, mkono wa kushoto huwa unatafuta kitu cha kushika. Siku zote. Leo umeulalia."

Yule mtu akamtazama akiwa bado chini. "Dada, wewe ni nani unayekijua kifo changu kuliko mimi?"

"Mimi ndiye ninayekikata."

Ilikuwa kweli. Bibie alikuwa mhariri wa filamu katika kampuni ileile ambako bwana huyu aliigiza mlinzi wa jambazi, yule anayepigwa risasi mwanzo wa pambano la mwisho ili mashujaa wapite. Hawakuwahi kukutana. Mmoja alifia maghalani kwenye vumbi, mwingine alipokea maiti yake katika chumba kisicho na dirisha. Mtaani walimwita Marehemu. Yeye naye, kabla treni iliyofuata haijafika, alishampa bibie jina: Mkasi.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu, kwa kuwa kazi iliwabana.

"Haloo, Mkasi wangu."

"Marehemu hapigi simu."

"Huku ahera mtandao ni mzuri, mpenzi. Unafanya nini?"

"Nakuua."

"Tena?"

"Bosi anasema damu haitoshi."

"Basi ukimaliza njoo unizike vizuri. Na Mama anataka kukuona."

"Mama yako si alisema hataki kusikia habari za filamu?"

"Filamu hataki. Mkwe anamtaka."

Mkasi alicheka hadi machozi. Lakini simu ikikatika, alirudi kwenye kioo cha kompyuta, na kicheko kikaisha. Kwa Bosi, mwenye kampuni, hadithi ilikuwa moja: maskini anampenda binti wa tajiri, binti anatekwa, ghala, risasi, gari linalipuka, harusi. Zamani hadithi hiyo ilijaza kumbi mpaka watu wakakaa ngazini. Sasa Mkasi alikuwa na tabia ya kwenda kuketi safu ya nyuma awatazame watazamaji, si filamu. Nyuso ziliangazwa kutoka chini, kila mtu na simu yake. Gari lilipolipuka, mzee mmoja aliyelala aligutuka, akageukia ubavu wa pili, akaendelea.

Akamwendea Bosi. "Watu wamekinai."

"Watu wanapenda wanachokijua."

"Walikipenda, Bosi. Sasa wanakuja kwa mazoea, na mazoea nayo yanaisha. Kumbi hazijai hata nusu."

"Binti, mimi hao nimewalisha kabla hujaota meno." Akamsogezea faili la filamu mpya. "Na huyu Marehemu wako safari hii hatukumwita. Chukua kifo chake cha filamu iliyopita, pachika. Koti lilelile, ghala lilelile. Nani ataona?"

"Bosi, si haki."

"Kiti chako kina watu wanaokisubiri mlangoni."

Akapachika. Kilikaa sawasawa, hata kivuli kikaungana na kivuli. Alijiapiza kumwambia mpenzi wake mwisho wa juma. Ulipofika, akaongelea mengine. Likapita hilo, likaja jingine, na filamu ikatoka.

Sasa Marehemu alijua jambo moja tu, kwamba hakuigiza katika filamu ile. Akaona hapo pana bahati. Mama yake, mjane mwenye moyo dhaifu, alikuwa ameapa kutokanyaga ukumbini. "Sikuzaa mtoto nikamtazame akifa kila mwaka," alisema. Mwanawe akambembeleza: "Safari hii simo, Mama. Twende ukaone kazi ya mkweo." Mama akavaa mtandio wake wa samawati, akajipaka manukato, akatoka kwa mkono wa mwanawe.

Simu ya Mkasi ililia kabla filamu haijafika mwisho.

"Mpenzi, mbona unahema hivyo..."

"Nimekufa tena. Ulijua?"

Mkasi akavua hedifoni shingoni.

"Mama alikuwa ameushika mkono wangu. Niko hai kando yake, na bado akapiga ukelele. Na unajua kilichoniuma? Ukumbi mzima hakuna aliyeinua kichwa."

"Nilitaka kukwambia, haki ya Mungu. Bosi alinilazimisha."

"Bosi alininyima kazi, hilo nimelizoea. Wewe umeninyima hata neno." Simu ikakatika.

Mkasi alipiga siku ya pili na ya tatu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Mwishowe, alasiri moja, akavaa gauni la heshima akaenda mwenyewe kwa mama mtu. Marehemu hakuwepo, alikuwa akizunguka kutafuta kazi. Mama alifungua akihema, kiganja kifuani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ndiwe unayemwua mwanangu?"

"Ndimi, Mama. Nimekuja kuomba radhi."

Mama akamkagua kuanzia viatu hadi nywele. "Ingia ndani. Radhi haiombwi mlangoni."

Wakakaa. Mama akauliza kama mtu anayeulizia njia: "Hebu niambie. Akishaanguka pale chini, inakuwaje?"

"Wanasema 'kata', anaamka."

"Na akiamka anaonwa na nani?"

"Na mimi peke yangu. Kipande hicho huwa nakitupa."

"Kumbe!" Mama akaegemea kiti. "Kilicho changu mimi ndicho unachokitupa."

Neno hilo Mkasi alilala nalo, akaamka nalo. Wenzake wakienda kula mchana, yeye alibaki akifukua mabaki ya filamu zote. Alipomaliza, alirudi kwa Mama na kompyuta ndogo, akaiweka mezani.

Kwenye kioo, Marehemu akaamka. Akajikung'uta vumbi, akatema damu ya rangi, akauliza, "Nimekufa vizuri?" Akaamka tena, na tena, akicheka, akiomba maji. Mwanzoni alikuwa kijana mwembamba aliyeruka kama panzi. Filamu hadi filamu akawa mzito, akaanza kushika goti, kisha kunyoosha mkono avutwe. Mama aliliona hilo. Akaomba kurudia, na kurudia.

Marehemu mwenyewe akaingia na mkate kwapani, akasimama.

"Njoo ujione," Mama akamwambia. "Kumbe huwa unaamka."

Akaketi zuliani kati yao. Baada ya kitambo mkono wake ukatafuta mkono wa Mkasi, ukaupata, ukabaki hapo.

Bosi aligundua. Akamfukuza Mkasi kwa kuchukua picha za kampuni, na picha zenyewe akazibandika mwisho wa filamu iliyofuata. Watu wakafurika, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kampuni nyingine zikaiga, kila filamu ikaishia na wafu wanaoamka, na kabla ya mwaka kwisha watazamaji walikuwa wakitoka kabla sehemu hiyo haijaanza.

Mama hakuyaona hayo. Alifariki asubuhi ya mvua, kwenye benchi la hospitali, akisubiri kitanda kipatikane.

Mazikoni kijana mmoja alisikika akinong'ona, "Marehemu kafiwa!" na mwingine akainua simu. Mwenyewe alisimama macho makavu. Mara mbili alipeleka mkono usoni, mara mbili akaushusha. "Kila nikitaka kulia," alimwambia Mkasi, "naona ni kama nimeshawahi kulia hivyo mahali, mbele ya kamera."

Wageni walipotawanyika, wawili hao walibaki jikoni kwa Mama wakiosha vikombe.

"Mkasi."

"Abee."

"Sina kazi."

"Najua."

"Nawe huna."

"Asante kwa kunikumbusha."

"Mama alisema nikuoe kabla hujapata mwenye akili zake."

Mkasi akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Huyo ni Mama. Wewe unasemaje?"

"Nasema sijui tutaishi vipi. Huenda tukapata tabu sana. Lakini nakuomba, nioe... aa, hata maneno sijui. Nikuoe."

"Nimekubali," alisema Mkasi, mikono imejaa povu.

Marehemu akataka kutabasamu, mdomo ukaenda upande. Sauti ikamtoka kama kiti kinachoburutwa, kamasi zikamshuka, uso mzima ukavurugika, akakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Miaka yote ya kumtazama, Mkasi hakuwahi kuuona uso ule. Nje ya ua watu wawili watatu walikuwa bado wanachungulia, simu zimeinuliwa. Mkasi akamruka miguu, akafika dirishani, akavuta pazia.