Tiketi ya Mengineyo

Waliokuwepo ofisini alasiri ile ni hawa. Isaiah Kigen, msimamizi. Tyson Shitanda, mwandishi wa programu. Sylvia Jelagat, mwandishi wa programu pia, aliyejifunga leso shingoni kwa sababu sauti yake ilikuwa imekauka tangu asubuhi. Na Mchungaji Simeon Nyongesa, aliyeitwa na Jelagat na kupokewa na Kigen shingo upande. Hao wanne, hakuna mwingine. Hata hivyo, kibodi ya meza ya dirishani, ambayo haikuwa na mtu, ilikuwa ikigonga.

Ofisi hiyo ipo mtaa wa West Indies, mjini Eldoret, juu ya duka la dawa za mifugo. Hapo walikuwa wakiunda programu ya kupokelea mahindi ya wakulima wa Turbo. Kigen alikuwa ameweka sheria: kila badiliko la programu lifungwe kwenye tiketi, yaani rekodi ya kazi yake mfumoni, ili ijulikane limefanywa na nani na kwa nini. Asiyetaja namba ya tiketi, mashine ilimkatalia. Tyson alichoka kukataliwa. Akafungua tiketi moja, akaiita Mengineyo, bila maelezo na bila mwenyewe, na tangu hapo yeye na Jelagat walifungia humo kila walichoona uvivu kukieleza.

Mvua zilipoanza, mabadiliko ambayo hakuna aliyeyaandika yakawa yanajifungia humo. Kisha, pale penye nafasi ya mwenyewe, likatokea jina la Tyson Shitanda. Tyson akapoteza sauti, halafu pumzi, akalazwa, na madaktari hawakuona ugonjwa. Jelagat alipolifuta jina lile, Tyson aliketi kitandani akaomba chai. Kesho yake palikuwa pameandikwa Sylvia Jelagat.

"Toa jina yake," Kigen alisema.

"Boss, si nimetoa asubuhi yote?" Tyson alinong'ona. "Nikitoa, inarudi. Nikifuta tiketi yenyewe, inarudi. Yale mabadiliko nikiyapeleka kwa tiketi zake za ukweli, yanarudi. Hii kitu imenichosha."

"Si ni wewe uliifungua?"

"Si ni wewe ulileta sheria?"

"Wacheni kelele," Mchungaji alisema, akifungua chupa ya mafuta. "Hiyo pepo inaitwa nani? Siwezi kemea kitu sijui jina."

"Mengineyo."

"Hiyo si jina, kijana. Nitakemea Mengineyo?"

Lakini alikemea. Kibodi ikanyamaza. Alipofika kwenye amina ilianza tena, kwa kasi zaidi, na harufu ya mahindi yaliyovundia ghalani ikapanda kutoka chini ya meza ile, ikajaa chumba, ikaingia kooni mwa kila mtu, huku mvua ya mawe ikipiga mabati na vitufe vikishuka na kupanda peke yake, na Jelagat, aliyekuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, akivuta pumzi isiyofika popote, akivuta tena, midomo ikigeuka rangi ya majivu.

"Anakufa," Tyson alisema. "Boss, anakufa!"

"Weka jina ya mtu mwingine."

"Ya nani? Mimi siwezi rudia ile kitu."

"Weka Nekesa."

Faith Nekesa alikuwa ameacha kazi hapo mwaka uliotangulia, akarudi Chepsaita kulima. Hakuna aliyejishughulisha kuliondoa jina lake kwenye mfumo.

Jelagat alitikisa kichwa. "Ako na mtoto," alisema kwa pumzi iliyobaki.

"Nekesa ako mbali," Kigen alimjibu. "Hii kitu inakaa hapa." Alimgeukia Mchungaji. "Ama namna gani, Mchungaji?"

Mchungaji alikuwa akifunga chupa yake.

Tyson aliandika jina hilo. Kibodi ilinyamaza, harufu ikaondoka kana kwamba imefungiwa mlango, na Jelagat akavuta pumzi ndefu. Alipewa maji. Badala ya kuyanywa alichukua simu.

"Sylvia! Leo umenikumbuka?" Nekesa alicheka upande wa pili, kisha akakohoa. "Usijali hii sauti, mama. Ni baridi tu. Imenishika saa hii hii."

Jelagat aliiacha simu wazi mezani, akamsukuma Tyson kutoka kitini. Aliandika Sylvia Jelagat mahali pa Faith Nekesa. Mashine ikakataa. Akaandika tena, akilia, na kutoka kwenye simu wote wanne walisikia Nekesa akikohoa na kuuliza, "Sylvia? Uko?"

"Mpe mimi!" Tyson alisema. "Weka yangu! Mimi ndiye nilifungua!"

Jelagat aliliweka la Tyson. Akaliweka hata la Kigen, na Kigen hakumzuia. Kila mara mashine ilitoa jibu lile lile: tiketi hii imefungwa na mwenyewe, haiwezi kubadilishwa.

Faith Nekesa alifariki Alhamisi, nyumbani kwake Chepsaita.